Amri Isiyoitikiwa

Sokon I, Arusha
Jumapili, baada ya adhuhuri

Kwako Dada Mwanahamisi,

Bwana Shabani Mhina wa Sokon I, Arusha, anasikitika kutangaza kuondokewa na masharubu yake ya upande wa kushoto, yaliyofikwa na umauti ghafla siku ya Alhamisi kwenye kiti cha kinyozi, baada ya kinyozi huyo kugeuza shingo kumtazama mtu aliyempigia honi. Masharubu ya upande wa kulia yalifuata dakika chache baadaye, kwa huzuni. Habari ziwafikie shemeji Rajabu wa Muheza, aliyekuwa akiyaonea wivu. Shangazi Zena wa Pangani, aliyekuwa akiyaita brashi ya viatu. Na ndugu na jamaa wote popote walipo. Hakuna matanga.

Shikamoo dada. Najua umecheka, na ndicho nilichotaka, kwa sababu huko mbele barua hii haichekeshi. Goti linaendeleaje? Wifi yako Hadija anasema yale mafuta aliyokutumia ni ya kuchua, si ya kunusa halafu unafunika chupa. Na macho? Yule daktari wa macho mliyeahidiwa hospitali amefika, au bado yuko njiani tangu mwaka juzi? Machungwa mwaka huu yamebeba? Sisi hapa wazima. Vumbi limetushika mpaka ndani ya kopo la sukari, lakini kifua changu kinavumilia, na Hadija hajambo isipokuwa kunitazama usoni na kucheka, kwa sababu uliyokwisha kuisoma hapo juu.

Barua yako nimeipata, kwa mwandiko wa shemeji. Mstari wa kwanza tu nikajua umekasirika, maana wewe ukiwa na furaha hunitaji jina zima. Umeniandikia hivi: “Barua yako alinisomea Neema. Alipofika pale ulipomwita baba yake msaliti, alinyamaza. Nikamwambia soma. Akasoma mpaka mwisho, akaikunja vizuri, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimekwisha kuoshwa.” Halafu ukamalizia: “Sasa niandikie neno moja tu, kwamba ni kweli. Binti wa mtu aliyemfukuzisha kazi mdogo wangu hatalala kwangu mwezi mwingine.”

Kwa hiyo neno langu moja linasubiriwa. Neema bado ana mwaka mzima wa chuo cha uuguzi, na zaidi ya kwako hana mlango mwingine anaoujua Muheza. Neno moja siwezi, dada. Unanijua, hata nikiulizwa saa naanza na habari za aliyeniuzia saa. Nivumilie kwa karatasi hizi chache. Na nina ombi: hii nayo asome Neema, hata kama shemeji ameiona miwani yake.

Umeuliza ni kompyuta gani hiyo ya kugombanisha wanaume wenye mvi. Najua huko unawaambia watu kwamba natengeneza televisheni. Nimekuacha miaka minane kwa sababu kazi hiyo ina heshima kuliko yangu. Lakini leo lazima uijue yenyewe, la sivyo hutaelewa Anaeli, baba yake Neema, alinifanyia nini.

Mimi na Anaeli tulianza pamoja kwenye chumba cha teleksi cha lile shirika la umma, kabla halijauzwa na sisi kupunguzwa kama matawi ya mibuni. Yeye Mmeru wa juu ya Tengeru, Mlutheri, mwimba besi wa kwaya, mwenye migomba yake na kahawa yake. Mimi Mbondei niliyefika Arusha na mashati ya mikono mifupi, nikatetemeka mwezi wote wa Julai. Koti la kwanza nililovaa mji huu lilikuwa lake. Mkewe ndiye aliyenifundisha kula loshoro, yale makande yao ya maziwa mgando, na alinifundisha kwa kusimama mlangoni mpaka nimalize bakuli. Idi zote yeye alikuwa kwangu, Krismasi zote mimi nilikuwa kwake. Ndiyo maana Neema alipopata chuo huko kwenu sikukuuliza mara mbili, na wewe hukuniuliza hata mara moja.

Kwenye teleksi kulikuwa na desturi. Kabla hujatuma neno, unabonyeza kitufe cha kuuliza “wewe ni nani”, na mashine ya upande wa pili, iwe Dar, iwe Hamburg, inakujibu kwa jina lake. Hujajibiwa, hutumi. Kwetu lilikuwa jambo kama udhu.

Tulipopunguzwa tukapata kazi wote wawili kwenye kampuni ya maua. Ofisi iko Njiro, kwenye nyumba yenye ukuta mrefu kuliko vitu vilivyomo ndani. Mashamba yako juu ya Tengeru. Kila mahali pana kompyuta moja kubwa, wenyewe wanaiita seva. Ile ya shambani ndiyo inayojua mteja gani wa Ulaya anataka maboksi mangapi ya waridi, na ndiyo inayochapa kibandiko cha kila boksi. Boksi lisilo na kibandiko halipandi ndege. Kazi yetu ilikuwa kukaa Njiro na kuisimamia ile ya Tengeru kwa waya wa simu, bila kupanda mlima.

Tulikuwa tunatumia kioo cheusi. Hakina picha wala rangi, ni maandishi meupe tu. Mwanzo wa mstari mashine inaandika jina lake, Tengeru au Njiro, halafu inakusubiri. Unaandika amri yako, maneno mawili matatu, unabonyeza, imekwisha. Amri ikiwa ya busara haikusifu. Ikiwa ya kijinga inaitii vilevile, haikuulizi kitu. Kwa sababu hiyo tukahamishia pale desturi yetu ya teleksi. Kabla ya amri yoyote ya hatari, ya kuzima au kufuta, mwandikaji anapaza sauti:

“Niko wapi?”

Mwenzake anainuka alipo, anakuja, anasoma jina kwenye kioo kwa macho yake, anaitikia:

“Tengeru. Zima.”

Hapo ndipo unabonyeza. Wahasibu walituona wendawazimu, wazee wawili wanaoulizana wako wapi na hali wamekaa chumba kimoja. Lakini miaka minane hatukuwahi kuzima mashine isiyostahili.

Mwaka jana akaja meneja mpya, Madam Stella, mama mchangamfu wa kutembea haraka, ametoka semina Nairobi na programu mpya ndani ya mkoba. Ya picha. Kwa hiyo unaona kwenye kioo chako uso mzima wa mashine ya mbali, na vidirisha vyake na vitufe vyake. Unashika mausi, unasogeza kimshale, unabonyeza. Huhitaji kukariri amri hata moja.

“Sasa hata mpishi ataweza kuisimamia seva,” Madam akasema kikaoni.

“Madam,” nikasema, “hiyo si kazi, hiyo ni televisheni.” Nilikuwaza wewe, dada.

Watu wakacheka. Anaeli alicheka mpaka akavua miwani kuifuta.

Madam hakucheka. Akasema basi tushindane mbele ya ofisi nzima: kichapishi cha Tengeru kimekwama, tuone nani atakikwamua kwanza. Yeye mwenyewe akashika mausi. Mimi nikaketi kwenye kioo cheusi, nikaandika, nikauliza niko wapi, Anaeli akaitikia, nikabonyeza, nikaenda kujimiminia chai. Sasa, waya wa simu wa kwenda Tengeru ni mwembamba. Maneno yanapita. Lakini uso mzima wa mashine, na rangi zake, na picha ya ua ambayo mtu wa shambani aliipambia, vilikuwa vinateremka kwenye kioo cha Madam kama pazia linaloshushwa na mtu mwenye usingizi. Ni kama wewe umwambie shemeji akupitishie chumvi, halafu umtake kwanza achore jiko lote. Nilimaliza chai, nikasuuza kikombe, nikarudi. Kimshale bado kinazunguka.

“Shabani, mmiminie na Madam,” Anaeli akasema, “safari yake ni ndefu.”

Ofisi ikaangua kicheko. Siku ile nilikuwa mfalme, na kwa bahati mbaya mimi si mfalme wa kukaa kimya. Wiki nzima niliiita ile programu kitabu cha kupaka rangi. Nilimwuliza Madam kama penseli zake zinauzwa kando. Anaeli alikuwa ananisaidia kucheka.

Kumbe.

Kila siku saa saba mchana Anaeli alikuwa ananiaga kwamba anakwenda kwa daktari wa meno, hapo hapo Njiro. Nilimpa pole ya jino mwezi mzima. Hadija alimpelekea karafuu za kusaga, amezifunga kwenye karatasi. Siku moja nikarudi mapema kutoka msikitini, nikaingia stoo kutafuta utepe wa kichapishi, nikamkuta nyuma ya maboksi, ameketi mbele ya kompyuta ya akiba, mausi mkononi, kitabu magotini.

“Anaeli, hicho nini?”

“Kitabu.”

“Cha nini?”

“Cha kusoma, Shabani. Kuna cha namna nyingine?”

“Na jino?”

“Jino limepona.”

Nikakichukua. Ni kitabu cha ile programu ya picha, kimepigiwa mistari ya penseli mpaka kurasa za mwisho. Ndani ya jalada Madam ameandika kwa mkono wake: Endelea hivyo hivyo, umefika mbali.

“Ulikuwa unacheka na mimi,” nikamwambia.

“Nilicheka kwa sababu ulichekesha.”

“Si ungeniambia!”

“Ningekuambia ungenigeuza hadithi ya ofisi, kama ulivyomgeuza Madam.” Akachukua kitabu chake taratibu. “Wewe amri zote unazo kichwani. Mimi naziandika kwenye kiganja. Miaka minane, kila amri nakuuliza wewe, umefurahi nakuuliza, umenuna nakuuliza. Kwenye hii nasoma mwenyewe, nafanya mwenyewe. Ndiyo hivyo tu.”

Ndiyo hivyo tu! Dada, mtu akiniibia koti naweza kumsamehe, pengine anaona baridi. Lakini mtu aliyenivika koti lake, kila mchana ananiaga kwa sura ya maumivu, ananitazama namsikitikia, karafuu za mke wangu ziko mfukoni mwake, halafu anakwenda kujifunza kile kitu ambacho siku nzima anakicheka pamoja nami? Na meneja anajua, na mimi sijui? Nilitoka pale stoo na utepe wa kichapishi sikuuchukua.

Kuanzia hapo tukawa watu wa “habari za asubuhi” na “nzuri”. Meza zetu zimegusana, lakini akitaka karatasi anamwomba mhasibu, mhasibu ananiomba mimi, mimi nampa mhasibu.

Ikaja wiki ya maua mekundu, ile ya mwezi wa pili ambayo Wazungu wote wanakumbuka wake zao kwa siku moja. Hakuna wiki nyingine ya kazi kama hiyo. Ijumaa, saa tatu asubuhi, seva ya Tengeru ikazimika. Na seva ikishazimika kabisa hakuna waya wa kuiamsha, lazima kidole cha mtu kikabonyeze. Chumba chake kimefungwa, mwenye ufunguo amekwenda msibani. Alipopatikana na mlango ukafunguliwa ilikuwa saa tisa. Lori likachelewa, ndege ikaondoka. Jumamosi ng'ombe wa Tengeru walikula mapenzi ya Ulaya, na naambiwa hawakuyapenda sana, yana miiba.

Jumatatu, saa nne na nusu, nikaitwa kwa Madam. Mezani kuna karatasi.

Kioo cheusi kina tabia moja. Kinatunza kila amri uliyokipa, na saa yake, na jina lako. Ukijua namna ya kukiomba, kinakutolea orodha yote. Katika ofisi ile waliojua kukiomba ni watu wawili, na wa pili nilimfundisha mimi, kwa mkono huu, nikamfanya arudie mpaka akaweza. Mstari mmoja wa ile karatasi ulikuwa umezungushiwa wino mwekundu.

“Imeletwa na nani?” nikauliza, kama vile sijui.

“Unajua,” Madam akasema. Hakuwa na furaha, namtendea haki. “Mwenzako yuko hapo nje.”

Kweli alikuwa koridoni, amesimama mikono nyuma kama yuko kanisani anasubiri kusomewa wasifu wa marehemu. Akasema, “Shabani.” Nikasema, “Hongera kwa meza.” Nikampita. Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho baada ya karibu miaka ishirini.

Ndivyo nilivyokuandikia mara ile: kwamba alijifunza kwa siri, akangoja siku mbaya, akapeleka karatasi, akachukua meza yangu. Nikaongeza lile neno, nikalipigia mstari. Siku hizi niko kwenye duka la stesheneri hapa Sokon I. Asubuhi nawachapia watu barua za kuomba kazi, na alasiri nafundisha akina mama wa kikundi kutumia kompyuta. Ya picha, dada. “Mama, usiiinue mausi juu, iburuze mezani, haing'ati.” Cheka, una ruhusa. Mmoja juzi aliniambia, “Mwalimu, hiki kitu ni rahisi, kwa nini mlikuwa mnatutisha?” Nikaenda nje kutazama magari.

Salamu naziweka hapa, kabla ya mwisho, kwa sababu nikishaandika yanayofuata sitakuwa na uso wa kumsalimia mtu. Msalimie shemeji Rajabu, mumeo na karani wako. Msalimie Baba Mdogo Athumani, mwambie dawa ya kikohozi aliyoniagiza nitaileta mwenyewe. Shangazi Zena akija kutoka Pangani mpe shikamoo zangu zote kwa pamoja, najua anazihesabu. Mpwa wangu Saidi na mkewe, hongera kwa mtoto, nasikia amechukua masikio yangu, wanisamehe. Hadija anawasalimu wote. Yuko jikoni, anadhani bado naandika habari za kinyozi.

Sasa lililotokea. Neema mwanangu, hapa usinyamaze. Msomee kama lilivyo.

Seva ya Tengeru niliizima mimi.

Asubuhi ile nilitaka kuzima ya Njiro, iliyo chini ya meza yangu, niipulize vumbi, maana feni yake ilikuwa inavuma kama cherehani mbovu. Lakini tangu saa mbili nilikuwa nimeacha laini ya Tengeru wazi. Jina lilikuwa pale, mwanzo wa mstari, herufi saba nyeupe juu ya weusi. Desturi ilitaka nipaze sauti, niko wapi? Anaeli yuko hatua mbili. Nilifungua mdomo, dada. Nikaufunga. Sikutaka kumwuliza kitu mtu yule. Nikaandika amri ya kuzima, nikabonyeza, nikaegemea kiti nikisubiri kimya.

Feni ikaendelea kuvuma.

Sijui kama nitaweza kukueleza sauti ile. Mashine uliyoizima inavuma chini ya miguu yako, na wewe unaelewa polepole kwamba kuna nyingine, mbali, mlimani, ambayo ndiyo imenyamaza. Ile programu ya picha ingeniuliza. Inaleta kidirisha katikati ya kioo: una hakika unataka kuzima Tengeru? Na kitufe cha hapana kikubwa kama biskuti. Ile niliyoiita televisheni.

Madam akatoka mbio kuuliza kuna nini. Nikasema, “Umeme umekatika shambani.” Neno lilinitoka lenyewe. Anaeli alikuwa amegeuka, anatazama kioo changu, ameona. Koridoni nikamwambia, “Tuseme umeme.” Hakujibu. Nikachukua kimya chake nikakifanya ndiyo.

Sikufikiri mbele. Umeme ukikatika shambani kuna jenereta, na jenereta ina mtu. Anaitwa Baba Lomnyaki, mzee wa Kiarusha, hajui kusoma, amekuwa na ile mashine tangu shamba lilipoanza. Wakamwuliza kwa nini hakuwasha. Akasema umeme haukukatika, redio yake iliimba asubuhi nzima. Wakamwambia redio ina betri. Akasema yangu haina. Lakini nani amsikilize yeye, amwache Bwana Mhina wa kompyuta? Ijumaa ile ile, kabla ofisi haijafungwa, akaambiwa Jumatatu aje achukue barua yake ya kuachishwa. Nililisikia hilo kwa masikio yangu, nikachukua mkoba nikaenda nyumbani.

Jumamosi asubuhi Anaeli alikuja hapa kwangu. Hili sikukuandikia. Alikuja, akaketi kwenye kiti anachoketi siku za Idi. Hadija akamletea chai, akamwuliza jino. Akasema, “Limepona, mama, ahsante kwa karafuu.” Tulipobaki wawili akasema:

“Nimetoka kwa Baba Lomnyaki. Analia, Shabani. Mzee mzima, mbele ya wajukuu.”

Nikamsogezea kopo la sukari.

“Jumatatu nenda kwa Madam, mwambie ulikosea. Nitaingia na wewe. Nitasema na mimi nilikuwepo na sikuitikia. Tugawane.”

“Sikukuuliza uitikie.”

“Najua,” akasema. “Niliona unafungua mdomo. Nilikuwa nimekwisha kuinuka nusu, nasubiri uniulize.”

Nikatafuta cha kumtupia. Nikamwambia, “Wewe unataka meza yangu.” Akaweka kikombe chini bila kelele. Akasema atanisubiri Jumatatu mpaka saa nne. Saa nne ikipita atakwenda peke yake, kwa sababu hawezi kumtazama yule mzee akifukuzwa kwa kosa ambalo yeye anajua si lake. Akamuaga Hadija, akaondoka.

Jumatatu nilifika saa mbili, nikaketi. Naye akaketi. Ilipogonga saa nne akanigeukia, akanitazama muda mrefu, na mimi nikainama kufunga kamba za viatu. Viatu vyangu vya kazi havina kamba. Nilikaa nimeinama pale mpaka nikasikia kiti chake kinasogea.

Umeniuliza kama alinisaliti. Kwenye habari ya jino, ndiyo, na sitakudanganya, linaniuma mpaka leo kuliko hata kukosa kazi. Kwenye karatasi, hapana. Kwenye karatasi mimi ndiye niliyemuuza mzee wa watu, na yeye akaenda kumtoa. Baba Lomnyaki yuko kazini na redio yake. Meza yangu, nimesikia, iko tupu. Anaeli hakuisogelea.

Na bado kuna moja. Nilipokuandikia barua ile, nilijua macho yako hayaoni vizuri, na nilijua ni nani anayekusomea. Nilipofika kwenye neno msaliti niliandika polepole, kwa herufi kubwa, ili Neema asikosee kulisoma. Nilitaka apeleke kwa baba yake yale ambayo mimi nilishindwa kumwambia akiwa kwenye kiti changu. Yeye hakupeleka. Aliosha vyombo.

Neno uliloomba, dada, ni kwamba si kweli. Neema asifungashe kitu. Nikija Idi nitakaa barazani, nje, mpaka ninyi wawili mtakapokubaliana kuniambia niingie, na mkikubaliana nisiingie nitaelewa.

Mdogo wako aliyekukosea,
Shabani